Wazee wa Benchi Hawajastaafu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari, Isiolo)

 

Masheikh wetu, walimu wetu wa madrasa, baba zetu na mama zetu, na nyinyi ndugu zangu vijana ambao najua mnaangalia saa kwa sababu ya tarawehe. Tumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha katika mwezi huu tukiwa wazima. Wako tuliofuturu nao mwaka jana ambao leo hatunao. Allah awarehemu.

Nimepewa dakika ishirini. Ndugu aliyenialika aliniambia, "Zungumza kuhusu kuwahurumia wazee wetu." Nikakubali. Lakini kila nikikaa niandike, hiyo huruma inanikwama. Nikajiuliza, hivi wazee wenyewe wameomba huruma? Wale ninaowajua mimi hawajaomba. Wanaomba chai, wanaomba miwani, na wanaomba mtu wa kumshinda drafti. Kwa hivyo mniwie radhi, huruma tutaiweka kando kidogo, tuanze na benchi.

Benchi la nyumbani kwetu

Nyumbani kwetu kuna baraza la saruji, na mbele yake benchi refu la mbao chini ya mwarobaini. Kila siku baada ya swala ya asri wazee hukusanyika hapo. Kwa kawaida huwa sita, wakizidi ni wanane. Kuna aliyekuwa dereva wa lori za Moyale zamani barabara ikiwa vumbi tupu na safari ni ya siku kadhaa. Kuna aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kuna karani, kuna askari, kuna mfanyabiashara wa mbuzi, na kuna babu yangu aliyekuwa mchanjaji katika idara ya mifugo. Mborana yuko, Msomali yuko, Mmeru yuko, Mturkana yuko. Wasiokuwa Waislamu kati yao ni wawili, nao Ramadhan wanawahi futari kuliko sisi.

Mimi nilipomaliza mwaka wa kwanza chuo kikuu nilirudi likizo nikiwa nimejaa. Mnajua ule mwaka wa kwanza, mtu anarudi na maneno makubwa na begi la nguo chafu. Nikapita pale barazani, nikawaona wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, wanabishana, wanacheka. Nikaingia ndani nikamwambia mama, "Hawa wazee kazi yao ni kukaa tu." Sikujua dirisha liko wazi. Mzee mmoja akajibu kutoka nje, "Kijana, kukaa ni kazi. Wewe jaribu kukaa na goti kama langu."

Wote wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikujifunza kitu siku ile. Nilijifunza mwaka uliofuata, tena nikiwa Nairobi, darasani.

Sotoka

Mimi nasomea mambo ya mifugo. Siku moja mwalimu alitufundisha ugonjwa wa sotoka. Vijana wengi hapa hawajawahi hata kulisikia jina hilo, na hiyo yenyewe ni neema. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ilikaribia kuwamaliza ng'ombe wote. Jamii za wafugaji zilianguka, watu walikufa kwa njaa, waliokuwa matajiri jioni wakaamka maskini. Ikaendelea kurudi na kurudi kwa miongo mingi. Chanjo nzuri ya kuizuia ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright pamoja na wenzake. Lakini chanjo ikiwa kwenye chupa haimfuati ng'ombe porini. Lazima watu waibebe, tena ikiwa katika barafu, kwenye jua kama hili letu, kutoka boma hadi boma.

Mwalimu akasema mara ya mwisho ugonjwa huo kuthibitishwa popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Ndugu zangu, Mbuga ya Meru si ng'ambo. Ukitoka Kinna unaiona. Na mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imekwisha duniani. Katika historia yote ya wanadamu magonjwa yaliyofutwa kabisa ni mawili, ndui kwa watu na sotoka kwa mifugo.

Mimi nikakaa pale darasani nahesabu miaka. Babu alikuwa idara ya mifugo, alikuwa mchanjaji, alikuwa huku huku kwetu. Nilipotoka nikampigia simu. Nikamwuliza, "Babu, wewe uliwahi kuchanja sotoka?"

Akasema, "Mimi nilikuwa tayari kila siku. Ng'ombe ndio waliokuwa hawataki."

Nikamwuliza, "Sasa mbona hukuwahi kuniambia?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hujawahi kuniuliza. Ulikuwa unaniuliza chaja iko wapi."

Hilo neno lilinichoma, na linanichoma mpaka leo. Nilikwenda kulipa karo Nairobi nifundishwe kazi ambayo mtu aliyeifanya alikuwa kwenye benchi la nyumbani kwetu, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu. Na mimi nilimwambia mama kazi yake ni kukaa tu.

Kustaafu ni nini?

Babu alistaafu mwaka 2007, akiwa na miaka 55 kwa hesabu ya karatasi. Miaka miwili baadaye, 2009, serikali ikasogeza umri wa kustaafu hadi 60. Yeye husema, "Wamepanua mlango mimi nikiwa nimeshatoka." Na nimesema "kwa hesabu ya karatasi" kwa sababu wazee wetu wengi hawana tarehe. Siku moja pale barazani walitoa vitambulisho walinganishe. Watu sita, watano kati yao wamezaliwa tarehe 1 Januari! Yule dereva akasema, "Kumbe mama zetu walikuwa na mkutano." Na kitambulisho cha babu kinasema yeye ni mdogo kuliko mdogo wake wa tumbo moja. Kwa hivyo mpango wa Inua Jamii ulipofunguliwa mwaka 2018 kwa kila aliyefikisha miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, mdogo mtu akaanza kupokea na kaka mtu akaambiwa angoje akue. Alingoja miaka minne kukua. Kila mdogo wake alipopokea, babu alimpa mkono na kumwambia, "Shikamoo, kaka."

Yeye angeweza kukasirika, na haki ya kukasirika anayo. Lakini alichagua kucheka, na ile pesa ya mdogo wake wakanywa chai pamoja.

Kuna mwingine alikwenda kuchukua pesa kwa wakala, mashine ikakataa kidole chake, kwa kuwa mistari ya vidole imelika kwa kazi ya miaka hamsini. Akarudi barazani mikono mitupu. Wakamwuliza kulikoni. Akasema, "Kidole changu kimestaafu kabla yangu." Kesho yake alirudi na mwalimu mstaafu, wakapigania mpaka akahudumiwa. Angalieni hapo. Kwanza walicheka, halafu wakasimama. Kile kicheko hakikuwazuia kudai haki. Kiliwapa nguvu ya kurudi siku ya pili.

Mzaha wa Mtume (S.A.W.)

Wako watakaosema, huyu kijana amekuja kutuletea vichekesho ndani ya mwezi wa ibada. Hapana. Tumesoma madrasa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitania, na hakusema katika utani wake ila kweli.

Sisi watu wa Isiolo tunapaswa kukipenda zaidi kile kisa cha mtu aliyemwendea akaomba mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfanyia nini? Mtume akamwuliza, kwani kuna ngamia yeyote asiyekuwa mtoto wa ngamia? Hapa kwetu hata mtoto wa darasa la pili anakielewa kisa hiki bila tafsiri.

Na kuna kisa cha bibi kizee aliyeomba aombewe kuingia Peponi, akaambiwa kuwa vikongwe hawaingii Peponi. Bibi akaondoka akilia. Mtume akaagiza aambiwe kwamba hataingia akiwa kikongwe, kwa sababu Mwenyezi Mungu atawaumba upya wakiwa vijana. Tazama adabu iliyomo mle. Hakumcheka uzee wake. Alimtania ili amfurahishe, na ule utani ndani yake una bishara. Mtu humtania anayemwona ni mtu kamili. Ukimtazama mzee kwa huruma peke yake, hutathubutu kumtania, na yeye atakuwa mpweke hata akiwa katikati ya ukoo wake.

Mzee na mambo ya umma

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Wengi tunadhani mtu akistaafu kazi ya serikali amestaafu pia mambo ya mji. Mimi nimeona kinyume chake.

Kipengele cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinahusu wazee. Kinataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wajiendeleze, waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya familia na ya serikali. Tukumbuke kwamba kushiriki kumetajwa mwanzo, kabla ya matunzo. Na Katiba hiyo hiyo inalazimisha wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti, pamoja na bajeti.

Likizo moja likatoka tangazo la kikao cha wananchi kuhusu bajeti. Sisi vijana tuliliona kwenye simu, tukalipita. Wazee wa benchi waliomba mtu awachapishie zile karatasi. Wakazisoma siku tatu. Kulikuwa na miwani moja inayofaa, ya mwalimu, wakawa wanapokezana kama buli la chai. Anayesoma anavaa, wengine wanasikiliza, wakifika kwenye hesabu miwani inahamia kwa karani. Mimi nilikuwa naleta chai tu.

Siku ya kikao wakaenda wote, kanzu na kofia safi, mikongojo mikononi. Maofisa wakasoma, watu wakasinzia. Ulipofika wakati wa maswali, dereva mstaafu akanyanyuka. Akasema, "Nashukuru. Mimi ni mzee, mnisamehe kama sijaelewa. Mwaka juzi tangi la mtaa wetu lilijengwa kwenye karatasi. Mwaka huu linakarabatiwa kwenye karatasi. Tunaomba mtuonyeshe hiyo karatasi iko wapi, na sisi tupeleke ndoo."

Ukumbi wote ulicheka, hata maofisa. Lakini baada ya kicheko hakuna aliyeweza kuendelea kama hakusikia. Karani akataja ukurasa, akataja kiasi, akaomba jibu la maandishi. Kisha kwa miezi mitatu walikuwa wanakwenda ofisini kwa zamu, wawili wawili, kila Jumatatu. Wakiulizwa shida yenu nini wanasema, "Tumekuja kusalimia." Mwisho wake bomba la mtaa wetu likarekebishwa. Tangi bado. Ni bomba tu, lakini maji yanatoka.

Nikamwuliza babu siri ni nini. Akasema, "Kijana ana haraka na ana kazi ya kupoteza. Sisi hatuna haraka, na mstaafu hafutwi kazi."

Kwa hivyo tusiseme wazee hawana la kufanya. Wana kitu ambacho sisi hatuna, nacho ni muda, na wanakumbuka kilichosemwa mwaka juzi.

Amani ya mji huu

Wenzangu wa umri wangu, sisi tulikuwa watoto wadogo mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzo wa 2012, mji huu na vijiji vyake vilipoingia damu. Watu walihama nyumba zao. Wengi wetu tunakumbuka kulala kwa jirani tu, hatujui sababu. Wazee wanajua sababu, na wanajua pia ilivyozimwa. Wanajua kwamba kabla ya hapo, mwaka 2001, wazee na viongozi wa kaskazini walikutana Modogashe wakaandika maazimio juu ya malisho, wizi wa mifugo na fidia. Wanajua jinsi Waborana wa Waso walivyokuwa na utaratibu wa dedha, wazee wanaoamua malisho ya kiangazi yafungwe lini na yafunguliwe lini, na kwamba kisima kina msimamizi wake, aba herega, anayepanga zamu ya kunywesha ili mtu asitoe panga kwa ajili ya ndoo ya maji. Katika ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, maarifa haya hayakuwa hadithi za zamani. Yalikuwa tofauti ya ng'ombe kuishi na kufa, na watu kupatana na kupigana.

Pale kwenye benchi letu alikuwako mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye aliwahi kukaa katika vikao vingi vya suluhu. Baada ya kile kisa cha sotoka nilinunua daftari. Nikamwomba anieleze. Siku ya kwanza alinieleza kisima kimoja, nani alikichimba, nani aligombana na nani, na neno gani lilisemwa mpaka watu wakapeana mikono. Nikaandika ukurasa mmoja. Akaniambia, "Kesho njoo, viko vingine saba." Kesho yake nilikuwa na safari ya kurudi chuoni. Nikamwambia, "Nitakuja likizo, inshallah."

Likizo nilikuja. Nilimkuta kaburini. Alifariki mwezi wa Shaaban.

Ndugu zangu, daftari ninalo mpaka leo. Lina ukurasa mmoja. Vile visima saba siku moja vitakuja kugombaniwa, na neno lililowahi kuwapatanisha watu hakuna anayelijua kama alivyolijua yeye. Hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu usiku huu. Huruma ninayo, lakini haikunisaidia kitu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa naye siku moja zaidi.

Tusidanganyane

Nisije nikaonekana ninawasifu wazee tu kwa kuwa wako mbele yangu. Wazee nao wana makosa. Huku kaskazini kabla ya uchaguzi wa 2013 na wa 2017 wazee waliketi kuamua nani agombee na nani aachie, na vijana na akina mama wengi walilalamika kwamba hawakuulizwa. Malalamiko hayo yana haki. Mzee anayetaka kusikilizwa naye asikilize. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akimketisha Ibn Abbas, kijana mdogo, pamoja na wazee waliopigana Badri. Baadhi yao wakanung'unika, mbona huyu kijana, na sisi tuna watoto wa rika lake? Umar akawauliza wote maana ya Suratun Nasr, na kijana akatoa jibu ambalo Umar mwenyewe alilikubali. Hivyo ndivyo benchi linavyotakiwa liwe, mkubwa anamsogezea mdogo nafasi, na mdogo anakuja akiwa amesoma.

Wala tusiwasahau mama zetu. Nyanya zetu hawana benchi barabarani, lakini wana baraza lao. Wengine walikuwa wakiuza maziwa ya ngamia, haya ya Isiolo yanayopelekwa kwa basi mpaka Eastleigh. Wameacha biashara kwa mabinti zao, lakini kila asubuhi wanajua nani mtaani hakuamka, nani amejifungua, nani hana futari. Mzee wa kwanza kujua kwamba jirani ana shida ni nyanya, na huwa anajua kabla ya chifu. Na kule Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, juhudi za amani zilianza na akina mama sokoni. Hao nao tuwakalie, tuwaulize.

Pesa na kikao

Nchi za wenzetu wana nyumba za wazee. Nasi hapa Afrika Mashariki zipo, kama zile za Sebleni na Welezo kule Zanzibar. Zanzibar hiyo hiyo ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na baadaye ikaongeza. Ni jambo zuri, na sisi tuendelee kudai la kwetu lilipwe kwa wakati. Lakini pesa haichezi drafti. Pesa haimwulizi mtu alichanja ng'ombe wapi mwaka 1985. Sisi Isiolo Mwenyezi Mungu ametujaalia mabaraza na miti ya vivuli. Tusije tukawa na wazee wapweke ndani ya nyumba zilizojaa watu, kila mmoja na simu yake.

Mnamkumbuka Mzee Kimani Maruge wa Eldoret? Mwaka 2004 aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, akavaa soksi ndefu na kaptura kama watoto. Watu walicheka. Mwaka 2005 akasafiri mpaka New York kuzungumzia elimu ya bure. Yeye hakukubali kwamba wakati wake umepita, na waliomcheka wakaishia kumpigia makofi.

Mambo matatu ya Ramadhan hii

Nimalize, naona Imamu anaangalia saa na yeye. Nawaomba vijana wenzangu mambo matatu.

La kwanza, baada ya asri, ule wakati ambao tunalala tukingoja magharibi, nenda ukakae kwenye benchi moja nusu saa, simu mfukoni. Usiende kutoa mawaidha. Nenda ukashindwe drafti.

La pili, chukua daftari. Uliza swali moja tu, "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Andika. Usiseme utarudi likizo.

La tatu, wasomee. Tangazo la kikao cha bajeti likitoka, wapelekee karatasi, na mkaende pamoja. Wewe una macho na intaneti, yeye ana kumbukumbu na ujasiri. Na katika kuwasomea, uliza kwa adabu habari za dawa zao. Wako wazee wanaoficha maradhi ili wafunge, na dini imewapa ruhusa na fidya. Kumkumbusha mzee wepesi aliopewa na Mola wake ni heshima, wala si kumvunjia.

Na nyinyi wazee wetu, tunaomba mtusamehe kwa kupita mbele yenu miaka yote hii tukiuliza chaja. Tusogezeeni nafasi kwenye benchi. Tukikosea, tucheke pamoja, kisha mtuelekeze.

Mwaka huu miwani za barazani zimekuwa mbili. Ile ya pili tumeichangia sisi vijana wa mtaa. Babu alipoivaa mara ya kwanza alinitazama sana, akasema, "Kumbe wewe ndiye unayeleta chai."

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na swala zetu, awarehemu waliotangulia, awape wazee wetu afya na furaha, na atujaalie nasi, tukifika umri wao, tuwe na mtu wa kutuuliza.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.